Hunt wa Viota na Wenzake

Mchoraji wa rangi ya mafuta akikosea, husubiri ikauke kisha hupaka nyingine juu yake. Anaweza kuanza na giza na kumalizia na nuru: nukta moja nyeupe kwenye jicho la ndege, na ndege anaamka. Mchoraji wa rangi ya maji hana ruhusa hiyo. Rangi yake ni unga laini uliosagwa pamoja na gundi ya mgunga, ile inayogemwa Sudan na kuuzwa dunia nzima, kisha ukazimuliwa kwa maji mpaka ukawa mwepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Mwanga unapenya rangi, unagonga karatasi nyeupe, unarudi machoni. Kwa hiyo kila kinachong'aa kwenye picha ni karatasi iliyoachwa. Anayetaka nukta ya nuru kwenye jicho la ndege lazima ajue mahali pake kabla hajalowesha brashi, kisha aizunguke kwa saa nyingi bila kuigusa.

Sharti hilo ndilo lililowatesa wachoraji wa Uingereza wa enzi za Malkia Victoria, kuanzia 1837 hadi 1901, hasa wale waliojifunga kuchora ndege, viota na majani. Leo kazi zao tunakutana nazo kwenye kalenda na kadi za salamu, na waandishi wa historia ya sanaa huzipita haraka wakielekea kwa Wafaransa. Mimi huona wanapita mahali pazuri. Kila mmoja wa wachoraji hao alilazimika kujibu swali lilelile, kwamba nuru ya picha itatoka wapi, na majibu yao hayafanani hata kidogo.

Vifaa vilikuwa vimewasaidia. Karatasi ya Whatman ilitengenezwa Kent kwa matambara ya kitani na pamba, ikapakwa gundi ya wanyama ili isinywe maji haraka. Iliweza kufutwa kwa sponji, kusuguliwa kwa chembe za mkate na hata kukwaruzwa kwa kisu bila kuchanika. Kampuni ya Winsor & Newton ilifungua duka Rathbone Place, London, mwaka 1832, na haikuchukua muda ikawa inauza rangi zenye gliserini, laini na tayari, wakati zamani mchoraji alisugua kipande kigumu kwenye kisahani mpaka mkono uchoke. Brashi nzuri ilitengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Ilibeba maji mengi tumboni lakini ncha yake ikaishia kwenye nywele moja. Bila brashi hiyo hakuna hata picha moja kati ya nitakazozitaja.

Naanza na William Henry Hunt, maana ndiye ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa London mwaka 1790 akiwa na miguu dhaifu, na haikupata nguvu maisha yake yote. Aliwekwa kwa mchoraji John Varley kujifunza kazi, na ujanani alichora mandhari na majengo kama vijana wengine. Lakini kuzungukazunguka milimani kila kiangazi kutafuta mandhari hakukuwa kazi ya mtu mwenye miguu ile. Umri ulivyosonga akazidi kuchora vilivyoweza kukaa mezani mbele yake: zabibu, plamu zenye ule ukungu wa ganda unaofutika kwa kidole, maua, na viota vya ndege. Viota ndivyo vilivyompa jina. Watu walimwita Hunt wa Viota, na wanunuzi waliviandama.

Picha zenyewe nyingi ni ndogo, za kushika mkononi. Anga hamna. Ndege hayumo. Kuna kipande cha ukingo wa udongo wenye kuvu na majani makavu, maua ya manjano hafifu ya mwanzo wa majira ya kuchipua, labda tawi la mti wa miiba lenye maua meupe, na kiota kimeinama kidogo ili tuone ndani. Ndani ya kiota kuna mayai ya yule ndege mdogo wa kahawia wa vichakani ambaye hana uzuri wowote wa kutajwa, ila anataga mayai ya buluu safi isiyo na doa.

Lichukue yai moja tu. Kwa mbali ni buluu. Ukisogea, buluu inagawanyika. Upande ulioelekea dirisha unakaribia weupe. Inafuata buluu ya kobalti, halafu inaingia kijani kidogo, halafu kivuli. Lakini kivuli hakifiki ukingoni. Kabla ya mwisho wa yai panarudi mwanga hafifu wa kahawia, ule uliogonga nyasi za kiota ukarudi na kuligusa yai kwa chini. Mwanga huo wa marudio ndio unaolipa yai tumbo. Mchoraji wa kawaida husukuma kivuli mpaka pembeni, na yai linakuwa sarafu. Tena hakuna mahali Hunt alipovuta brashi kwa urefu. Yai zima limejengwa kwa nukta na vistari vyembamba, kimoja kando ya kingine, na rangi hazikuchanganywa kwenye kisahani. Zimewekwa jirani, jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya.

Hapo linakuja jambo lililowakera baadhi ya watu wa zama zake. Mwaka 1834 Winsor & Newton walianza kuuza nyeupe ya oksidi ya zinki waliyoiita Chinese White. Zamani nyeupe iliyopatikana kwa wingi ilikuwa ya risasi, na kwenye rangi ya maji hiyo ilikuwa hatari: moshi wa makaa ya mawe na gesi ya taa za London uliigeuza nyeusi. Zinki haikugeuka. Hunt aliichukua, akaipaka nzito pale alipotaka yai au ua, akaiacha ikauke mpaka ikawa ngumu, ndipo akaweka juu yake rangi safi isiyochanganywa na kitu. Nuru ya mayai yake haitoki kwenye karatasi. Inatoka kwenye tandiko hilo jeupe alilolitengeneza mwenyewe. Waliolelewa kwenye utaratibu wa zamani waliona huko ni kuvunja sheria. Kama unaruhusiwa kuongeza weupe, basi umahiri wa kuuacha uko wapi?

Hoja yao naielewa, lakini siikubali. Nyeupe ile, hata ikikauka, bado inayeyuka kwa maji. Mguso wa kwanza wa brashi juu yake unakaa vizuri, wa pili mahali palepale unaikorogea juu, na rangi iliyokuwa iking'aa inakuwa tope la chaki. Maana yake kila nukta ya Hunt kwenye yai lile iliwekwa mara moja, kwa rangi iliyokwisha kuamuliwa, ikiwa na maji kiasi hasa. Aliacha ugumu mmoja akajitwika mwingine mkubwa zaidi. Na kwenye nyasi za kiota alifanya zaidi ya hapo. Kila unyasi mwepesi mbele ya giza ungemlazimu mtu wa utaratibu wa zamani kuchora giza lote lililo katikati ya nyasi, kitundu kwa kitundu. Hunt aliweka nyasi kwa nyeupe na kuzitia rangi, penginepo akachukua kisu akaukwaruza uso wa karatasi, unyasi ukatokea wenyewe, mkali kuliko brashi yoyote.

Nina kinyongo kimoja. Viota hivyo viling'olewa kwenye vichaka, na mayai yale hayakuanguliwa. Waigaji wa Hunt walikuwa wengi na miongoni mwao wako waliochora kana kwamba ndege hutaga chini, wazi, kando ya maua yaliyopangwa. Uingereza ya wakati ule ilipenda ndege kwa namna ya ajabu: sebuleni kiota cha kuchorwa, kichwani kofia yenye manyoya halisi. Wanawake ndio waliochoka kwanza. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha chama cha kupinga biashara ya manyoya, ambacho leo ni RSPB, moja ya jumuiya kubwa za kulinda ndege Ulaya.

Edward Lear alianza kabla Victoria hajatawala, lakini simwachi nje, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha njia. Mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 18, aliomba ruhusa ya kuchora kasuku kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, iliyofunguliwa miaka miwili tu nyuma. Wakati ule ndege wa kitabuni walichorwa kutokana na ngozi kavu zilizojazwa pamba. Lear alitaka walio hai. Mtunzaji alimshika kasuku, kijana akampima bawa, mdomo na mkia, kisha ndege akarudishwa kwenye kitundio na mchoro ukaanza. Karatasi zake za mazoezi nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Pembeni zina majaribio ya rangi, nyekundu tatu zilizokaribiana sana, na maelezo ya mkono kuhusu ipi ni ya kifua na ipi ni ya bega. Mara nyingine amewachora na watu waliokuja kumkodolea macho.

Picha za kitabu chake cha kasuku zilichapwa kwa jiwe, mistari peke yake, ambayo Lear aliichora mwenyewe juu ya jiwe. Rangi ilitiwa baadaye kwa brashi, nakala moja moja. Mtazame kasuku mkubwa mwekundu wa Amerika Kusini kwenye kitabu hicho. Manyoya ya kifuani hayakuhesabiwa yote. Machache yana ukingo ulio wazi, mengine yameachwa yazame kwenye wekundu mmoja, na jicho letu linajaza yaliyobaki. Hapo ndipo Lear anapowapita waliomtangulia: anajua unyoya upi uonekane. Kwenye jicho na mdomo wachoraji wa ndege wa siku hizo waliongeza gundi tupu juu ya rangi iliyokauka, ili pale pang'ae kwa umajimaji na manyoya yabaki yamefifia.

Alitoa picha 42, nakala 175 tu, kisha fedha zikamwishia kabla mpango haujakamilika. Moja kati ya picha hizo ina kisa chake. Lear alimchora kasuku wa buluu akimdhania ni wa aina iliyokuwa imekwisha kujulikana. Alichora alichokiona, na alichokiona hakikulingana na jina aliloliandika chini yake. Mwaka 1856 mtaalamu wa ndege Charles Lucien Bonaparte alimtambua kuwa ni aina nyingine, akampa jina la Anodorhynchus leari kwa heshima ya mchoraji. Makao ya ndege huyo porini, kwenye mikoa mikavu ya Bahia nchini Brazil, yalijulikana mwaka 1978 tu. Brashi ilikuwa imesema kweli karibu karne moja na nusu kabla. Lear mwenyewe aliacha ndege mapema na kuhamia mandhari na mashairi ya vichekesho. Mwaka 1846 aliitwa kumfundisha Malkia Victoria kuchora.

Joseph Wolf nampa nafasi kwa sababu ya ndege weupe. Alikuwa mtoto wa mkulima kutoka kijiji cha Mörz, karibu na Koblenz, Ujerumani. Alizaliwa 1820, akafunzwa kuchapa kwa jiwe, akahamia London mwaka 1848. Huko Chama cha Zoolojia kilimtegemea kwa miaka mingi. Wolf alijua jambo ambalo wengi hawakulizingatia, kwamba manyoya hayakuota kila mahali mwilini. Yanaota kwa mafungu, na kila fungu linasogea kama kitu kimoja. Ndege akihisi baridi, fungu la kifua linavimba na kulifunika bega la bawa. Akiogopa, yote yanabana. Asiyejua hilo huchora magamba ya samaki.

Sasa mchukue kozi mkubwa mweupe wa Greenland, ambaye Wolf alimchora mara nyingi. Ndege mweupe kwenye karatasi nyeupe: utaanzia wapi? Wolf anaanza na kisicho ndege. Anga anaitia kijivu cha buluu, mwamba anautia kahawia, na ndege anabaki kama pengo. Halafu ndani ya pengo anaweka vivuli vyembamba, vyenye joto kidogo upande wa chini na baridi upande wa juu, pale tu ambapo fungu moja la manyoya linalala juu ya jingine. Mwisho zinakuja alama za kijivu za mgongoni, makucha na jicho. Ukipima eneo lote la mwili, sehemu kubwa haijaguswa na brashi. Uzito wa ndege huyo, nguvu ya mabega yake, vyote vimetengenezwa na vivuli ambavyo ungeweza kuvifunika kwa kiganja.

Wolf ana uhusiano na upande wetu pia. Mwaka 1850 mchapishaji wa vitabu vya ndege John Gould aliwatangazia wanasayansi wa London ndege wa mabwawa ya Nile Nyeupe, yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye domo pana kama kiatu ambaye leo watalii huenda kumtafuta Mabamba, Uganda, na ambaye yuko pia kwenye mabwawa ya Malagarasi, magharibi mwa Tanzania. Gould alikuwa na ngozi kavu zilizoletwa na msafiri Mansfield Parkyns. Wolf ndiye aliyemchora. Ngozi kavu haina rangi ya jicho, haina mkao, na domo limeshapauka. Ilibidi ampe miguu ya kusimamia ndege ambaye hakuwahi kumwona amesimama. Miaka kumi baadaye msafiri mwingine, John Petherick, aliwafikisha London korongo wa aina hiyo wakiwa hai.

Gould mwenyewe hakuwa mchoraji mkubwa. Alikuwa mfanyabiashara hodari aliyejua kuchagua watu: mkewe Elizabeth, aliyefariki mwaka 1841 akiwa na umri wa miaka 37 tu baada ya kujifungua, kisha wengine, Wolf akiwemo. Kitabu chake cha ndege wa Uingereza, kilichotoka kwa mafungu kati ya 1862 na 1873, kina picha 367, na yeye mwenyewe alikadiria kuwa karatasi karibu 280,000 zilitiwa rangi kwa mkono kwa ajili ya kitabu hicho kimoja. Kwanza ilitengenezwa picha ya mfano, kisha watiaji rangi wakainakili: kifua, kifua, kifua, siku nzima, na kifua cha mwisho kilipaswa kulingana na cha kwanza. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Katika ufundi wote huu, mkono wao ndio unaonistaajabisha zaidi, kwa kuwa Hunt alilipwa sifa na wao hawakulipwa sifa yoyote, na bado ukiweka nakala mbili za ukurasa mmoja pamoja utahangaika kuona tofauti.

Kwa ndege wavumaji wa Amerika, ambao koo zao hubadilika rangi wakigeuka, Gould alitumia jani la dhahabu chini na rangi za mafuta zinazopitisha mwanga juu yake. Zinang'aa kwelikweli. Kwangu mimi zimeng'aa kupita kiasi; dhahabu ile huonekana kwanza, ndege baadaye.

Mhakiki wa sanaa John Ruskin alikutana na tatizo hilohilo kwa mdiria. Mtu aliyewahi kumwona mdiria mdogo akikata maji anajua buluu ile haishikiki. Hakuna rangi ya buluu ndani ya unyoya wake. Muundo wa unyoya ndio unaouchezesha mwanga mpaka buluu inatokea. Kwa hiyo hakuna duka linaloiuza. Mnamo 1870 au 1871, wakati anajiandaa kufungua shule yake ya uchoraji Oxford, Ruskin alimchora mdiria kwa ajili ya wanafunzi, na picha iko hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Ashmolean. Hakutafuta dhahabu. Aliweka buluu za nguvu tofauti kwa miguso midogo, nyingine nyepesi, nyingine zenye nyeupe ndani yake, kama alivyojifunza kwa kumtazama Hunt, ambaye alimsifu sana maandishini. Halafu akaipa buluu jirani anayeifaa: rangi ya chungwa ya kifua. Ziba chungwa kwa kidole na buluu inapoa. Ondoa kidole, inawaka tena.

Tatizo lililobaki lilikuwa jua. Miaka ya 1880 watu walibishana kwa ukali magazetini kama picha za rangi ya maji zinafifia ukutani, na Ruskin alikuwa miongoni mwa waliozitetea. Serikali ikawapa wanasayansi W. J. Russell na Kapteni Abney kazi ya kulichunguza jambo hilo, na ripoti yao ikatoka 1888. Walikuwa wameziweka rangi juani kwa muda mrefu ndani ya mirija ya kioo. Nyekundu ya wadudu wa kochinili ilikimbia. Nili ilififia, na hiyo inaeleza kwa nini mawingu mengi ya kijivu ya wachoraji wa zamani, yaliyochanganywa nili na nyekundu ya udongo, leo ni ya waridi. Kobalti na rangi za udongo zilivumilia.

Ndiyo sababu picha nyingi za aina hii hazining'inii ukutani mwaka mzima. Zimo kwenye masanduku, na anayezitaka huomba nafasi kwenye vyumba vya kusomea picha, kama kile cha British Museum, akaingia na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi. Akibahatika kuletewa kiota cha Hunt, aombe mwanga uje kutoka ubavuni. Hapo ataona mahali palipopakwa zinki pamenyanyuka kidogo juu ya karatasi, na palipopita kisu nyuzi za matambara zimesimama.